Maisha ya Seyyid Barghash wa Zanzibar

1. Nyumba mbili

Ukitoka soko la Kariakoo, ukapita viwanja vya Mnazi Mmoja na kushuka hadi bandarini, utaona nyumba moja ya zamani. Kuta zake ni nene. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nyumba hiyo huitwa Boma la Kale. Ilijengwa miaka ya 1866 na 1867. Aliyeijenga ni Seyyid Majid, mtawala wa Zanzibar, ili wageni wake wapate mahali pa kulala. Wakati huo Dar es Salaam ulikuwa mji mchanga. Majid ndiye aliyeuanzisha, karibu na kijiji cha wavuvi kilichoitwa Mzizima.

Si mbali na Boma la Kale watu hupanda boti kwenda Unguja. Ukifika Unguja, utaona nyumba ya pili. Ni kubwa zaidi, na imesimama mbele ya bahari. Nguzo zake ni za chuma. Nyumba hii huitwa Beit al-Ajaib, maana yake Nyumba ya Maajabu. Ilijengwa mwaka 1883. Sehemu yake ilianguka mwezi Desemba 2020, lakini jina lake halikusahauliwa. Aliyeijenga ni Seyyid Barghash, mdogo wake Majid.

Habari tutakazosoma ni za huyu Barghash. Yeye alileta Zanzibar vitu vingi vipya: maji ya bomba, meli za moshi, reli, taa za umeme na mtambo wa kupiga chapa vitabu. Hata hivyo, kabla hajafa, karibu nchi yote aliyoitawala upande wa bara ilimtoka mikononi. Kwa nini ilikuwa hivyo? Tusome.

2. Mtoto wa Seyyid Said

Barghash alizaliwa mwaka 1837. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Seyyid Said ndiye aliyehimiza kilimo cha karafuu katika visiwa vya Unguja na Pemba. Alikuwa na watoto wengi waliozaliwa na mama mbalimbali.

Mwezi Oktoba 1856 Seyyid Said alikuwa safarini baharini, akitoka Oman kurudi Zanzibar. Barghash alikuwa naye. Mzee akafariki njiani. Jahazi lilipofika Zanzibar, Barghash alijaribu kuchukua utawala kabla watu hawajapata habari. Hakufaulu. Utawala wa Zanzibar ukaenda kwa ndugu yake, Majid.

Barghash hakuridhika. Alikuwa kijana mwenye akili, mwenye kiburi, na asiyependa kushindwa.

3. Barua za Salme

Barghash alikuwa na dada yake aliyeitwa Salme. Zamani zile mabinti wa jumba la mtawala walifundishwa kusoma Kurani, lakini hawakufundishwa kuandika. Watu walidhani mwanamke akijua kuandika ataleta matata. Salme hakukubali. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, akaufanya ubao wake. Akatazama herufi katika Kurani na kuzinakili moja moja. Alifanya hivyo kwa siri mpaka akajua kuandika.

Mwaka 1859 Barghash alikula njama ya kumwondoa Majid. Alihitaji mtu wa kumwandikia barua za siri. Mtu huyo alikuwa Salme. Alikuwa na umri wa miaka 15 tu. Wanakisomo tunaweza kuona hapa jinsi kalamu ilivyo na nguvu. Watu wazima wenye vyeo walimtegemea msichana kwa sababu alijua kuandika.

Njama hiyo ilivunjika. Barghash na watu wake walijificha katika nyumba moja ya shambani. Majid alisaidiwa na Waingereza, nao walikuwa na mizinga. Barghash akashindwa na kukamatwa. Akapelekwa Bombay, katika nchi ya Bara Hindi, iliyokuwa chini ya Waingereza.

4. Miaka miwili Bombay

Barghash alikaa Bombay kiasi cha miaka miwili. Alipelekwa huko kama adhabu, lakini safari hiyo ilimfungua macho.

Bombay ulikuwa mji mkubwa wenye biashara nyingi. Gari la moshi lilikuwa limeanza kupita huko tangu mwaka 1853. Meli za moshi ziliingia na kutoka bandarini bila kungoja pepo za kusi wala kaskazi. Maji yaliletwa mjini kwa mabomba kutoka mbali.

Zanzibar mambo hayakuwa hivyo. Watu walichota maji katika visima vya mjini, na visima vingi vilikuwa vichafu. Majahazi yalingoja upepo. Barghash aliona tofauti hiyo kwa macho yake. Mwaka 1861 alirudishwa Zanzibar. Alikaa kimya akingoja siku yake.

Siku hiyo ilifika mwezi Oktoba 1870. Majid alifariki, na Barghash akashika utawala. Mji wa Dar es Salaam, uliokuwa unajengwa na Majid, hakuutia maanani. Ujenzi ukasimama, na baadhi ya majengo yakaanza kuharibika. Moyo wa Barghash ulikuwa Zanzibar.

5. Tufani na mkataba

Mwanzo wa utawala wake ulikuwa mgumu. Miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu ya watu Zanzibar. Kisha, mwezi Aprili 1872, ikaja tufani kubwa. Upepo uling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Majahazi yalivunjika bandarini, na meli za mtawala zikazama. Pemba iliharibika kidogo tu. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyotoa karafuu nyingi kuliko Unguja.

Mwaka uliofuata likaja jambo jingine. Waingereza walimtaka Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Kila mwaka watumwa wengi waliletwa kutoka bara, hasa kutoka pande za Ziwa Nyasa, wakapitishwa Kilwa na kupelekwa Unguja. Wengine waliuzwa katika soko la Mkunazini, mjini Zanzibar. Wengine walibaki kufanya kazi katika mashamba ya karafuu.

Barghash alikataa. Alijua kwamba matajiri wa mashamba watamkasirikia, na yeye mwenyewe alikuwa na mashamba na watumwa. Waingereza wakamtisha kwamba manowari zao zitafunga bandari ya Zanzibar. Manowari ni meli za vita. Mwishowe, tarehe 5 Juni 1873, Barghash alitia sahihi mkataba. Soko la watumwa likafungwa, na kusafirisha watumwa kwa bahari kukapigwa marufuku. Mwaka 1876 alikataza pia misafara ya watumwa ya nchi kavu.

Lakini tusikosee. Waliokuwa watumwa tayari hawakuachwa huru. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Zanzibar mpaka mwaka 1897, baada ya Barghash kufa.

6. Maji, meli na reli

Mwaka 1875 Barghash alialikwa Uingereza. Alitembezwa London na katika miji ya viwanda. Aliona nguo zikifumwa kwa mashine, na aliona jinsi chuma kilivyotumika kwa kila kazi. Aliporudi, hamu yake ya kuleta vitu vipya ilizidi.

Kwanza, maji. Kaskazini ya mji kuna mahali panapoitwa Chemchem, ambapo maji safi hutoka ardhini. Barghash aliamuru mfereji ujengwe na mabomba yatandikwe mpaka mjini. Watu walichota bila kulipa. Kati ya kazi zake zote, labda hii ndiyo iliyomsaidia mtu wa kawaida zaidi. Mama aliyekuwa akiteka maji machafu kisimani sasa alijaza mtungi wake maji safi.

Pili, meli. Baada ya tufani ya 1872 aliagiza meli mpya kutoka Ulaya. Moja iliitwa Glasgow. Ilifika mwaka 1878. Meli zake za moshi zilibeba mizigo na abiria kati ya Zanzibar, Bara Hindi na bandari nyingine. Hivyo wafanyabiashara hawakutegemea meli za Waingereza peke yake.

Tatu, reli. Mwaka 1879 ilianza kujengwa reli ndogo kutoka mjini kwenda jumba lake la Chukwani, mwendo wa kilomita 11 hivi. Kwanza mabehewa yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza gari dogo la moshi la kuyavuta.

Nne, habari. Mwaka 1879 waya wa simu ulipita chini ya bahari kutoka Aden mpaka Zanzibar. Waya huo uliwekwa na kampuni ya Waingereza. Habari iliyochukua majuma mengi kufika Ulaya sasa ilifika upesi sana. Yapata mwaka 1880 Barghash alianzisha mtambo wa kupiga chapa. Vitabu vya dini na sheria vilipigwa chapa Zanzibar kwenyewe.

Tena alitoa fedha zenye jina lake. Mwaka 1882 zilitolewa riale za dhahabu na pesa za shaba. Pesa za shaba zilikuwa na picha ya mizani.

Na mwaka 1883 Beit al-Ajaib ilikamilika. Usiku taa za umeme ziliwaka ndani yake. Wakati huo watu wa Afrika Mashariki walitumia kibatari na taa za mafuta. Si ajabu walipoona taa hizo waliita nyumba hiyo ya maajabu.

7. Fedha zilitoka wapi?

Mambo haya yote yalihitaji fedha. Zilipatikana kwa njia kuu mbili.

Njia ya kwanza ilikuwa karafuu. Palizi, uchumaji na uanikaji vilifanywa zaidi na watumwa. Basi, ukisifu nguzo za chuma za Beit al-Ajaib, wakumbuke pia watu waliopanda mikarafuuni bila ujira.

Njia ya pili ilikuwa forodha, yaani ushuru wa bidhaa zinazoingia na kutoka bandarini. Pembe za ndovu zilitoka mbali, kupitia Ujiji na Tabora, zikabebwa na wapagazi mpaka Bagamoyo, kisha zikavushwa Zanzibar. Huko Ulaya na Marekani zilitengenezewa vinanda na vipini vya visu. Barghash hakukusanya ushuru mwenyewe. Alikodisha kazi hiyo kwa wafanyabiashara wakubwa wenye asili ya Bara Hindi. Mmoja wao alikuwa Taria Topan. Mfanyabiashara alimlipa mtawala kiasi walichopatana, na kilichozidi kikawa chake.

Fedha ziliingia, na vitu vikanunuliwa. Lakini mitambo ilitengenezwa Ulaya, ikaletwa imekamilika. Walioijua sana walikuwa mafundi wa kigeni. Katika vyuo, watoto walisoma Kurani. Hapakuwa na shule ya serikali ya kufundisha vijana kuunda meli au kutengeneza mashine. Zanzibar ilikuwa na vitu, lakini ujuzi wa vitu hivyo ulibaki kwa wengine.

8. Karatasi za bara

Barghash alisema kwamba anatawala pwani yote na bara mpaka maziwa makuu. Kwa kweli, bara alikuwa na bendera na mawakala katika baadhi ya miji ya biashara, lakini hakuwa na askari wengi huko. Mwaka 1877 Mwingereza Lloyd Mathews alianza kumfundishia jeshi jipya. Baadaye jeshi hilo lilikuwa na askari zaidi ya 1,000. Hao hawakutosha nchi kubwa kama hiyo.

Mwaka huohuo wa 1877 Waingereza walianza kujenga barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa. Ilifika kiasi cha kilomita 100 na zaidi, kisha mwaka 1881 kazi ikaachwa.

Mwaka 1884 Mjerumani aliyeitwa Carl Peters alikuja Zanzibar na wenzake. Walivuka kwa siri mpaka bara. Mwezi Novemba na Desemba walipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami. Kila walipofika, walimpa mkuu wa mahali zawadi, kisha wakamwonyesha karatasi iliyoandikwa Kijerumani. Mkuu akatia alama yake. Mmoja wa wakuu hao alikuwa Mangungu wa Msovero, katika Usagara.

Karatasi hizo zilisema kwamba mkuu ameitoa nchi yake kwa kampuni ya Wajerumani. Mangungu na wenzake hawakuweza kuzisoma. Walidhani ni urafiki. Kwa alama chache tu, nchi za watu wengi zilihesabiwa kuwa zimetolewa. Mwezi Februari 1885 serikali ya Ujerumani ilitangaza kwamba nchi hizo ziko chini ya ulinzi wake.

9. Manowari mbele ya jumba

Barghash alikasirika. Alipeleka simu Ujerumani kupinga. Alitegemea Waingereza wamsaidie, kwa kuwa kwa miaka mingi alisikiliza ushauri wao. Waingereza hawakutaka kugombana na Ujerumani. Walimshauri akubali.

Mwezi Agosti 1885 manowari 5 za Wajerumani zilitia nanga Zanzibar. Mizinga yao ilielekea jumba la mtawala. Katika msafara huo wa Wajerumani alikuwamo dada yake Barghash, yule Salme. Miaka mingi nyuma alikuwa ameondoka Zanzibar na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani. Sasa alirudi na watoto wake kudai urithi. Barghash alikataa kumwona. Wale ndugu wawili waliopanga njama pamoja kwa barua za siri hawakupatana tena.

Meli ya Glasgow ilikuwapo, na taa za umeme zilikuwapo. Lakini havikuweza kuzuia manowari. Barghash akakubali. Mwezi Desemba mwaka huo Wajerumani walipewa ruhusa ya kutumia bandari ya Dar es Salaam. Bandari ambayo Barghash hakuijali, wageni waliona thamani yake. Mwaka 1887 kampuni yao ilifungua kituo hapo, na mwaka 1891 Dar es Salaam ukawa mji mkuu wa koloni lao.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana bara. Barghash aliachiwa visiwa, miji michache ya kaskazini, na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Katika mapatano yao, mwenyewe hakuwa na sauti. Aliletewa akubali tu.

10. Mwisho wake

Barghash alikuwa mgonjwa. Mwanzo wa mwaka 1888 alikwenda Oman, akitumaini kwamba hewa na chemchemi za maji moto zitamponya. Hakupona. Alirudi Zanzibar tarehe 26 Machi, na baada ya saa chache akafariki, katika nyumba yake. Alikuwa na umri wa miaka 51 hivi. Ndugu yake Khalifa akashika utawala. Mwezi Aprili Khalifa aliwakodisha Wajerumani pwani iliyobaki upande wa kusini. Mwaka huohuo watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri wa Pangani, walipigana na Wajerumani. Mwaka 1890 Zanzibar yenyewe iliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza.

Ile reli ya Chukwani haikuendelea baada ya Barghash. Meli ya Glasgow ilizamishwa na Waingereza mwaka 1896. Lakini watu wa mjini waliendelea kuteka maji ya Chemchem.

11. Tunajifunza nini?

Barghash hakuwa peke yake. Miaka ileile, nchini China, alikuwapo mtumishi mkubwa wa serikali aliyeitwa Li Hongzhang. Naye aliona nguvu ya Wazungu akataka nchi yake isiachwe nyuma. Alisaidia kuanzisha kiwanda cha silaha mwaka 1865, na kampuni ya meli za moshi mwaka 1872. Alihimiza pia machimbo ya makaa ya mawe. Aliendelea mbele ya Barghash, kwa sababu Wachina walianza kutengeneza baadhi ya vitu wenyewe. Hata hivyo, mwaka 1894 na 1895 manowari zake zilishindwa na Wajapani. Na Wajapani walikuwa wamefanya nini? Tangu mwaka 1872 serikali yao ilikuwa imeamuru watoto wote, wa tajiri na wa maskini, wapelekwe shule.

Barghash aliona mbali kuliko watawala wengi wa wakati wake. Tumsifu kwa maji ya Chemchem. Lakini mali yake ilitoka katika jasho la watumwa, na watu wake hawakufundishwa kazi za mitambo aliyoinunua. Kununua kitu si sawa na kujua kukitengeneza. Mwenye ujuzi akiondoka, kitu husimama. Kijiji kinaweza kupewa pampu ya maji au mashine ya kusaga. Kama hakuna mtu wa kijijini anayejua kuitengeneza, siku itakapoharibika watu watarudi kisimani na kwenye kinu.

Na tusisahau ile karatasi ya Msovero. Mtu asitie sahihi wala kidole katika karatasi asiyoijua. Kwanza aisome.

Maswali

1. Boma la Kale la Dar es Salaam lilijengwa na nani, na kwa kazi gani?
2. Salme alijifunza kuandika kwa njia gani?
3. Barghash aliona mambo gani Bombay?
4. Kwa nini maji ya Chemchem yalikuwa muhimu kwa watu wa mjini?
5. Fedha za Barghash zilipatikana kwa njia gani mbili?
6. Carl Peters alipataje nchi za bara?

Jadilianeni

1. Katika kijiji au mtaa wenu kuna mashine gani? Ikiharibika, nani huitengeneza?
2. Je, mmewahi kuona mtu akitia sahihi karatasi asiyoielewa? Ilimletea nini?